Kidole Gumba Changu Katika Wosia wa Mjomba

Mpendwa mshauri,

Kabla hujasoma zaidi, naomba uniahidi moyoni mwako kwamba haya hayatatoka kinywani mwako, wala hutamsomea mwenzako wa meza ya pili, na ukiona ni lazima uyachapishe basi yachapishe bila kitu chochote kitakachomfanya mtu anayenifahamu aseme "huyu ni yule", kwa sababu mimi ni karani katika ofisi ya mwanasheria, kazi yangu yote ni kutunza siri za watu, na sasa ninayo moja ambayo si ya mteja wa kawaida, ni ya mjomba wangu, na inakaa kwenye kidole gumba cha mkono wangu wa kulia.

Sifanyi mzaha, ngoja nieleze.

Mjomba ni fundi mwashi. Ameshika saruji tangu ujana wake mpaka ncha za vidole vyake zimelainika kama kipande cha sabuni kilichokwisha, hazina mstari hata mmoja, na aliponunua simu ya kugusa, ile inayofunguka kwa alama ya kidole, simu ilimkataa. Alijaribu kidole hiki ikamkataa, akajaribu kile ikamkataa, akaenda kunawa na kurudi ikamkataa tena, mwishowe akanisogezea na kusema, "Karani, hii simu inadai mimi si mtu. Hebu lete chako." Nikaweka changu. Namba ya kufungulia niliiweka mimi pia, maana alisema nisimwambie, ataisahau halafu atanilaumu. Kazini hubeba simu ndogo ya vitufe ya kupigia tu, hii kubwa haitoki nyumbani. Mimi naishi kwake kwa kuwa ni karibu na ofisi, basi kila jioni tukishakula utasikia sauti kutoka sebuleni, "Karani, lete kidole!" nami nakipeleka kama mtu anayepeleka chumvi mezani.

Usidhani naonewa. Nyumba yetu ni ya raha, tunacheka sana, na Mjomba ndiye aliyenisomesha. Shida ni kilichomo ndani ya simu.

Mjomba ana chaneli ya video, anafundisha vijana kupiga plasta, kushika mwiko, kusoma timazi kujua kama ukuta umesimama wima. Aliyekuwa akimpiga picha ni mkewe, ambaye sisi sote tulimwita Mama. Video ambazo watu wanaziona zimekatwa, nimezikata mimi mwenyewe kwa amri yake, kwa sababu alisema fundi anayechekwa na mkewe hapati wanafunzi. Ila zile nzima, ambazo hazijaguswa, ziko kwenye hifadhi ya akaunti yake ya mtandaoni, na humo ndimo Mama alimo. Mjomba anaeleza kwa sauti ya mwalimu mkuu jinsi ya kulainisha kona, na Mama anamkatiza: "Sogea kidogo, tumbo linaziba ukuta." Anajibu bila kugeuka, "Ukuta hauendi popote." Mama anasema, "Hata tumbo haliendi popote, ndiyo shida," kisha anacheka mpaka picha inatetemeka na huoni tena kona wala plasta.

Mama alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Haukupita muda simu ya zamani ya Mjomba ikatumbukia kwenye ndoo ya chokaa, na akamwambia binti yake wa pekee, binamu yangu ninayemwita Dada, ambaye ni muuguzi katika mji mwingine, kwamba kila kitu kimepotea. Hakudanganya, aliamini hivyo. Ni pale tulipoifungua simu mpya na mimi kuingiza akaunti yake ndipo video zilipoanza kushuka moja baada ya nyingine, na Mjomba akakaa chini polepole akaniuliza, "Kumbe hazikuwa ndani ya simu?" Nikamwambia hapana, zilikuwa mtandaoni, simu ilikuwa dirisha tu la kuzitazamia. Akafikiri, akasema, "Basi ni dirisha ndilo lililoingia kwenye ndoo," halafu akaomba nimwekee ile ya kona.

Tangu hapo anasikiliza kila jioni. Na anajibu, mshauri! Mama akisema sogea, Mjomba kwenye kiti chake anasogea. Wanabishana. Nimezoea, nakunja nguo zangu huku wakibishana. Lakini alinikataza nisimwambie Dada. Sababu ya kwanza aliyonipa ni kwamba anataka iwe zawadi yake ya mwisho, aiandike kwenye wosia, Dada aikute. Sababu ya pili aliitoa siku nyingine bila kuulizwa: "Naona haya. Mtoto hapaswi kusikia baba yake akisutwa." Nami nikanyamaza, mpaka mwezi uliopita Dada aliponipigia simu, tukaongea mambo ya kawaida, zamu zake, viatu vinavyombana, kisha akasema tu, "Unajua, maneno ya Mama nayakumbuka, ila sauti yake nimeanza kuisahau." Nikamwambia pole, Dada. Simu ya Mjomba ilikuwa mbele yangu mezani, inachaji.

Sasa nifike kwenye wosia wenyewe. Mjomba, mzima wa afya, ameamua kuuandika, na akaona fahari kuuleta kwetu kwa sababu mpwa wake anafanya kazi hapo. Alikuja na shati lililonyooshwa, akamsalimia mwanasheria wangu kana kwamba amekuja kuposa. Nyumba ilikuwa rahisi, vifaa vya kazi rahisi, kisha akasema, "Na mambo yangu ya mtandaoni," na mwanasheria, aliyekuwa na mteja mwingine anasubiri, akaniambia nimsikilize mimi na kuandaa rasimu. Mshauri, mimi ni mtu wa kuogopa kuacha kitu nje, kwa hiyo niliandika kila kitu. Anwani ya akaunti nikaandika. Neno la siri nikaandika. Na kwa kuwa Mjomba alisisitiza, nikaandika, "Simu hufunguliwa kwa kidole gumba cha kulia cha mpwa wangu, ambaye atakitoa kila kitakapohitajika." Niliona limekaa kisheria. Nilipolisoma tena kesho yake nikasikia baridi.

Kwanza, ofisi yetu ina kawaida yake. Mwanasheria wangu ni mama mwenye sauti ya mahakamani, na kila wosia huusoma neno kwa neno mbele ya mwenye wosia na mashahidi kabla haujatiwa saini, mlango ukiwa wazi kwa ajili ya joto, na wateja wamekaa kwenye benchi nje. Neno la siri la Mjomba ni jina alilokuwa akimwita Mama chumbani kwao. Alinitajia akiwa ameugeukia ukuta. Sitaliandika hapa, ila fikiria likisomwa kwa sauti ile.

Pili, mwanasheria ameniambia mimi ndiye nitakuwa shahidi mmojawapo, kwa kuwa karani mwenzangu yuko likizo. Nimechapa wosia nyingi kiasi cha kujua kwamba shahidi hapaswi kuwa mtu anayefaidika, lakini sijui kama kutajwa kidole ni kufaidika, na naogopa kuuliza maana nitaulizwa kidole kinafanya nini humo.

Tatu, na hili ndilo linaloninyima raha, siku Mjomba akituacha Dada atagundua kwamba sauti ya mama yake ilikuwapo muda wote, kwamba neno la siri ninalo mimi, namba ya simu ninayo mimi, hata ule ujumbe wa uthibitisho unakuja kwenye simu yangu mimi, na kwamba nilimwambia pole huku nikiitazama. Je, ataniita mdogo wake tena? Nikimwambia sasa, nimemsaliti Mjomba. Nikinyamaza, nimemsaliti yeye. Nimefikiria kufuta aya nzima na kusema kompyuta imeimeza. Nimefikiria hata kujifunga bandeji kidoleni. Saini ni wiki ijayo.

Tafadhali usinipigie ofisini, simu ya pale inapokelewa kwenye spika. Usinitumie ujumbe, simu yangu hukaa karibu na ya Mjomba jioni, naye husoma kila kinachotokea kwenye kioo kwa sauti kubwa. Barua pepe ndiyo usithubutu, kompyuta yangu inatazamana na mlango. Nijibu humu gazetini Jumamosi. Mjomba hununua gazeti lenu, ila si msomaji, hulitandika sakafuni asimwage plasta, nami hulipitia kabla hajaenda nalo kazini. Niite Mwenye Gumba, nitaelewa.

* * *

Mwenye Gumba,

Umeniomba siri, kisha ukaniagiza nikujibu mbele ya kila mwenye gazeti. Haya, nimekusikia. Nimeondoa yale ya kuondolewa. Na nikiri kwamba nimecheka, kwa sababu barua nyingi zinazofika mezani kwangu hutoka katika nyumba ambazo hakuna anayecheka. Kwenu pana raha. Tusiiharibu kwa woga.

Woga wako, binti, umevaa nguo za uangalifu. Mtu mwangalifu angeuliza. Wewe umeandika kila kitu, kisha ukajificha.

Tuanze na rasimu, kwa kuwa hiyo ni kazi yako na ulipaswa kujua. Neno la siri linafanya nini ndani ya wosia? Wosia utasomwa na watu usiowajua, utatolewa nakala, utapita ofisi hii na ile. Umechukua ufunguo wa nyumba ukautundika nje ya mlango ili usipotee! Na siku Mjomba akibadilisha neno hilo, wosia wako utakuwa umebaki na jina la mapenzi lisilofungua chochote. Lifute Jumatatu asubuhi. Wosia useme tu kwamba akaunti yake ya barua pepe, chaneli na vyote vilivyo kwenye hifadhi ni vya binti yake, na useme ni nani atasimamia jambo hilo. Neno lenyewe likae pembeni, ndani ya bahasha iliyofungwa, kwenye kabati la chuma la mwanasheria wako. Siri ya mtungi aijuaye kata, haihitaji kujulikana na benchi la nje.

Kidole chako nacho kifute. Hakirithiwi. Umekaa ukiogopa kifo cha Mjomba, hujajiuliza ya kwako. Ukipata kazi mbali? Ukiumia? Hata bila hayo, simu hiyo ikizima na kuwashwa tena haitataka gumba la mtu, itataka namba kwanza, na namba anaijua nani duniani zaidi yako? Mwambie Mjomba hata kama hataki. Achague namba anayoikumbuka akiwa usingizini. Ujumbe wa uthibitisho usije kwako peke yako, ongeza simu ya Dada yako. Kisha kaeni chini pamoja mwingie kwenye mipangilio ya akaunti. Akaunti nyingi kubwa siku hizi humruhusu mwenyewe, akiwa hai, kumteua mtu atakayefunguliwa endapo mwenyewe haonekani kwa muda mrefu au akifariki. Amteue binti yake, na abonyeze mwenyewe. Kwa kubonyeza hahitaji kuwa na mistari kidoleni.

Kuhusu ushahidi, ingia kwa mwanasheria wako useme hivi: "Huyu ni mjomba wangu, naishi kwake, na rasimu nimeiandika mimi. Naomba tutafute shahidi mwingine." Basi. Sheria za mambo haya hutofautiana, yeye anazijua na analipwa kwa kuzijua. Hatakuuliza habari za kidole kwa sababu kidole hakitakuwamo tena. Na ukimwomba afunge mlango siku ya kusoma, atafunga.

Sasa lile kubwa. Usimpigie Dada yako. Video si zako. Lakini pia usiendelee kumbeba Mjomba kwa kimya chako, maana kimya hicho kimeanza kumuumiza mtu. Mwendee mwenyewe, jioni, kabla hajaita kidole, umwambie alichosema binti yake: kwamba sauti imeanza kumtoka. Najua hujamwambia. Ungekuwa umemwambia usingeniandikia.

Kisha umwelekeze jambo ambalo fundi wa nyumba hawezi kulijua kwa uzoefu wa nyumba. Nyumba ukimpa mtu leo, kesho huna pa kulala. Ndiyo maana tunasubiri. Mwiko ukimpa mtu, mkono wako unabaki mtupu. Lakini video ukimpa mtu, unabaki nayo nzima, kicheko kwa kicheko. Ni mali pekee aliyonayo ambayo haipungui kwa kutolewa. Anasubiri nini? Anataka kumwachia binti yake sauti ya mama yake siku ile ile atakapokuwa analilia sauti ya baba yake. Amlilie nani kwanza?

Akisema anaona haya, mwambie mshauri amesema hivi: mficha uchi hazai. Huyo binti amekulia nyumba hiyo. Ugomvi wa tumbo na ukuta aliusikia kabla yako.

Bandeji iache kabatini. Kazi ni tatu na zote zifanyike kabla ya saini: safisha rasimu, sema na mwanasheria, sema na Mjomba. Anza na Mjomba, hayo mengine yatakuwa mepesi.

* * *

Mpendwa mshauri,

Ni mimi Mwenye Gumba, na safari hii hata ukimsomea mwenzako wa meza ya pili si neno.

Jumamosi ile nililala kupita kiasi. Nilipoamka gazeti halikuwapo, na Mjomba hakuwa ameenda kazini, alikuwa chumba cha nyuma akiziba nyufa za ukuta wetu wenyewe. Niliposogea mlangoni nilimkuta amepiga magoti juu ya ukurasa wako, miwani usoni, mwiko umekauka mkononi. Sikujua kama niingie au nikimbie. Akasema bila kugeuka, "Karani, lete kidole."

Nikapeleka. Akakishika akakiweka juu ya mstari mmoja, penye tone la plasta, akasema, "Nisomee hapa, macho yangu yanacheza." Ulikuwa ule mstari wa amlilie nani kwanza. Nikausoma. Akausugua mwiko kwa gumba lake lisilo na alama. Kisha akauliza, "Alisema hivyo kweli? Sauti imemtoka?" Nikamwambia ndiyo. "Na wewe ukakaa nayo mwezi mzima?" Nikaanza kulia, akasema, "Acha, utailowesha simenti," halafu akaongeza kwa hasira ya uongo, "Kwa hiyo tumbo langu limefika gazetini."

Tulimpigia Dada kabla hajaingia zamu. Mjomba alijitahidi kueleza, akaanzia kwenye ndoo, akapitia kwenye dirisha, akapotea njia, mwishowe akasema, "Subiri, usikilize mwenyewe," akabonyeza. Mama akasema sogea kidogo. Nikadhani simu imekatika, na Mjomba akanitazama mimi kana kwamba mimi ndiye mtambo. Kisha tukasikia Dada akicheka na kulia kwa mpigo mmoja, akasema, "Baba, lakini ni kweli linaziba ukuta." Mjomba akajibu, "Ukuta hauendi popote."

Dada hakuniuliza kwa nini. Aliniambia tu, "Mdogo wangu, nitumie zote, hata zile mbovu." Nimemtumia zote. Wosia ulisomwa mlango ukiwa umefungwa, aya ya mtandaoni ina mistari michache na haina kidole, na shahidi alikuwa mhasibu wa ofisi ya jirani. Bahasha iko kwenye kabati la chuma. Namba mpya Mjomba aliichagua mwenyewe, ameisahau mara kadhaa, kwa hiyo jioni bado naitwa, ila sasa anaita ili abishane na simu mbele ya mtu.

Ukitaka kunipata, piga simu ya Mjomba, ile kubwa, jioni baada ya chakula. Akipokea yeye usikate, jitambulishe tu, ana maneno yake kuhusu uchi na kuzaa. Na ukisikia nyuma yake mwanamke anacheka na kumwambia asogee, usidhani tuna mgeni. Ni Mama. Mwache amalize, kisha uniulizie mimi.